Taa ya Kijani Niliyoiwasha Mimi

Siku yangu ya kwanza katika uwanja wa ndege wa Kasese nilikabidhiwa taa moja, fimbo moja na matusi mengi. Nilikuwa nimetoka Bwera alfajiri juu ya lori la pamba. Nilikuwa na mke na mtoto mchanga, na ndege nilikuwa sijawahi kuigusa. Msimamizi wa Uwanja, Mzungu mfupi mwenye uso mwekundu, alinitazama kuanzia miguuni, akasema, "Sajini, fundisha hii mutu," akaenda zake.

Sajini Ramadhani alikuwa askari mstaafu, na ndiye aliyeshika redio. Hakuwa mtu wa kubembeleza.

"Baluku, hapa iko kazi mbili," aliniambia. "Moja, fukuza nyama kwa njia ya ndege. Mbili, taa. Nyekundu, ndege nangoja. Kijani, naruka. Ukionyesha kijani, roho ya mutu iko mu mukono yako. Umesikia?"

"Nimesikia, afande."

Nyama wenyewe walikuwa swala na ngiri kutoka mbugani, wakaidi kuliko wakwe. Asubuhi nzima nilikimbizana nao, jioni miguu ikawaka moto. Msicheke. Wakati huo, miaka ya hamsini, reli ilikuwa bado mpya Kasese na usalama wa angani ulikuwa macho, masikio na fimbo.

Mara chache zilipita ndege za jeshi kutoka Kenya, zikiruka kwa kundi, bawa karibu na bawa. Nilimuuliza Sajini mbona hazigongani.

"Mukubwa yao naongoza," akasema. "Ingine yote naangalia bawa yake tu, haiangalii kitu ingine. Mukubwa ndiye naangalia mbele, ndiye nasema na redio. Na ile mashine ya kujibu rada, yake peke yake iko wazi. Ingine wanazima."

"Wanazima kwa nini?"

"Zikijibu zote pamoja, mutu wa rada naona fujo tu. Moja najibu kwa wote."

"Na yule akipotea kwa mawingu?"

"Ee! Huyo sasa ni shida. Sheria inasema ageuke pembeni, apande juu, aambie mukubwa. Lakini kwa rada hayuko. Ndiyo maana wewe, mutu wa chini, usihesabu sauti. Hesabu mbawa."

Nilielewa vizuri sana. Siwezi kujitetea kwamba sikufundishwa.

Ijumaa moja tuliarifiwa kwamba ndege nne za jeshi zingepita. Kila Ijumaa Sajini alipanda baiskeli kwenda kuswali mjini, bila ruhusa ya mtu, akiniachia redio. Siku hiyo ndege ndogo ya mgodi wa shaba ilikuwa tayari imewasha injini, rubani wake akisubiri taa yangu. Sajini akanivisha vile visikilizio vya redio masikioni. "Zikipita nne, ndipo kijani," akasema, akaondoka.

Zikaja, ardhi ikatetemeka. Mawingu yalikuwa yameshuka mlimani hadi chini. Nikainua kidole nihesabu, kikaishia hewani. Mama yangu aliwahi kunichapa kwa kuhesabu watoto wa jirani kwa kidole. Ukihesabu wenye uhai, alisema, unawaitia kifo. Hata mbuzi wetu tuliwajua kwa rangi, si kwa idadi. Na kule juu kulikuwa na watu. Nikaona vibaya, nikashusha mkono. Mara sauti ya kiongozi ikasema redioni kwamba kundi lote limekwisha pita Kasese. Basi, nikajiambia, mwenye watoto amesema wako wote, mimi nani nimbishie? Rubani wa mgodi alikuwa akinipungia mkono kwa hasira. Nikawasha kijani.

Zilikuwa zimepita tatu. Ya nne ilikuwa imepoteza bawa la mwenzake mawinguni, na badala ya kupanda juu, ikachungulia chini kutafuta njia. Ilitokea juu ya uwanja wakati ndege ndogo inaacha ardhi. Rubani wa mgodi aliikwepa kwa kukata kulia, bawa likakwaruza kichuguu, ndege ikabiringika. Tulimtoa akiwa hai, mguu umevunjika mara mbili. Hakuruka tena.

Jumatatu akaja afisa wa kuchunguza ajali. Tukasimama wawili mbele ya meza.

"Nani alionyesha kijani?" akauliza.

Nilifungua kinywa, wallahi nilikifungua. Sajini akanitangulia. "Mimi, afande."

Nje nikamuuliza kwa nini. "Wewe uko na mutoto mudogo," akasema. "Na mimi ndiye nilitoka kwa kazi. Nenda, ngiri wameingia." Nilikuwa bado na nafasi ya kurudi mle ndani niseme kweli. Mlango ulikuwa wazi, afisa bado anaandika. Nikaenda kufukuza ngiri.

Walimfukuza wiki ileile, bila hata barua ya kumsifu kwa miaka yake. Akahamia Kikorongo, akafungua kibanda cha chai kwa madereva wa malori. Mimi nikapewa redio yake na kiti chake. Wasimamizi watatu walipita juu yangu, wote wakinisifu kuwa mtu mwangalifu. Nilihesabu mbawa kwa sauti, kwa kidole, bila haya. Kila sifa ilinichoma.

Nilipostaafu nilipanda basi, nikashuka Kikorongo kwa mara ya kwanza. Sajini alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Mkewe, Mama Zaituni, alinimiminia chai. Nikamweleza yote, nikilia, mzee mzima.

"Najua," akasema. "Aliniambia zamani."

"Mbona hamkunitafuta?"

"Kukutafuta wapi, na ulikuwa unapita hapa kila mwisho wa mwezi ukienda kwenu Bwera? Basi likisimama, unajifunika gazeti. Alikuwa anakuona. Mimi nilitaka kukuita, akanikataza. Akasema, 'Muache. Siku moja atashuka mwenyewe.' Akawa anaweka kikombe kimoja zaidi."