Minyaa ya Bondeni

Yule binti wa Kizungu aliletwa kwetu Kimara na watu wa parokia, kuja kujitolea shambani. Baba alikuwa amepunguzwa kazini, kama wengi miaka ile, akahamishia nguvu zake zote kwenye shamba letu dogo la ndizi na mchicha. Mimi nilikuwa nimerudi nyumbani kujifungua na mtoto bado mchanga, kwa hiyo nilikuwa mtu wa kukaa barazani na kuangalia. Niliyoyaona sikuyapenda.

Si kwamba binti alikuwa mbaya. Alikuwa hajui kupumzika tu. Alfajiri ameshashika jembe, jua la utosi bado yumo shambani, pua imechubuka. Mama alimwonea huruma, Baba alijivunia kuwa naye. Tatizo lake lingine ni kwamba alimwamini kila anayetabasamu, na kipindi kile Kimara ilijaa watu wa kutabasamu. Kila Jumapili walikuja na viatu vinavyong'aa, wakatembea pembezoni mwa mashamba ya watu wakiuliza, "Hapa panauzwa?" Ukiwaambia hapauzwi hawaondoki. Wanasimama palepale wanapapima kwa macho.

Mmoja wao akanunua kipande kilichopakana nasi kule bondeni, nyuma ya migomba, mahali ambapo ukiwa nyumbani hapaonekani. Bonde lile ndilo lililotuweka mjini. Lilikuwa na maji kiangazi chote, na mchicha wake ndio uliotulisha tangu mshahara wa Baba ukatike. Kati yetu na huyo bwana palikuwa na ua wa minyaa alioupanda Baba mwenyewe alipouziwa shamba na wenyeji. Wazee waliomuuzia walishafariki. Hapakuwa na jiwe la mpaka wala ramani. Tulikuwa na minyaa ile tu.

Bwana yule alikuwa na pikapu nyeupe na Kiingereza kingi. Akaanza kumpitia mgeni wetu bondeni, anamsalimia, anacheka naye, huku macho yakiwa kwenye matuta yetu. Nikamwambia Mama, "Mie huyu mtu simwelewi."

"Nawe tangu uzae umekuwa na hasira na kila mwanamume," Mama akasema. Haukuwa uongo sana.

Asubuhi moja tukasikia yowe. Binti alitokea kwenye migomba anapapasa njia, uso umevimba, mikono imejaa utomvu mweupe. Alikuwa amekata minyaa, ua wote. Utomvu wake ukiingia jichoni unaweza kukupofusha, mtoto yeyote wa kwetu analijua hilo, na yeye alikuwa amejifuta jasho kwa mkono uleule. Katikati ya kilio akaeleza kwamba jirani kamwambia ua unafuga nyoka, na kwamba ameshazungumza na Baba, wamekubaliana usafishwe.

"Acha hayo maji!" Mama akanifokea, maana nilishashika kata. "Lete maziwa yako."

Nikampa Mama mtoto, nikakamulia kwenye kijiko cha chai, nikamdondoshea mgeni machoni. Aling'ata kanga yangu ili asipige kelele. Zahanati walimpa dawa ya kupaka, wakasema akae gizani. Basi tukafunga madirisha na kushusha mapazia, nyumba nzima ikaishi gizani naye. Kila maziwa yalipojaa, mtoto alipata titi moja, mgeni akapata la pili. Tuliogopa sana. Mtoto wa watu akipofuka mikononi mwetu, tutawaambia nini wazazi wake? Baba hakubanduka kwenye kiti kando ya kitanda chake, na shambani hakwenda mtu.

Tukiwa mle gizani tulisikia tipa. Lilishuka bondeni, likamwaga kitu, likapanda. Kisha likarudi tena.

"Baba, si ukaangalie?"

"Anajenga kwake," akasema. Lakini nilimwona anavyokaza taya kila lilipomwaga.

Macho yakapona. Siku alipoweza kuitambua sura yangu nililia kwa furaha, na Baba akashuka bondeni. Aliporudi aliomba maji, akayashika bila kunywa. Msingi ulikuwa umepandishwa katikati ya matuta yetu, matofali usawa wa goti, na pale palipokuwa na minyaa pamesawazishwa kwa kifusi.

Tukafika baraza la kata. Jirani akadai ile minyaa ilijiotea tu, mpaka halisi uko kwenye migomba, na mzee alilijua hilo, ndiyo maana ilipokatwa hakusema neno. Hatukutishika, kwa sababu shahidi tulikuwa naye. Aliyekata kwa mikono yake angesema alidanganywa. Na kweli alisema, kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, machozi yakimtoka, na wajumbe wakatikisa vichwa kwa huruma. Nikaanza kupumua.

Jirani akauliza swali moja tu. "Sista, wakati unakata, mzee alikuwa wapi?"

"Baba alipita," akajibu. "Ana ndoo. Mimi nikasema shikamoo. Baba akasema marahaba, pole na kazi."

Nikamgeukia Baba nikitegemea atakataa. Alikuwa anaangalia sakafu.

Bonde likaenda. Njiani kurudi, Mama alimuuliza kama ni kweli.

"Nilimwona," Baba akasema. "Ndiyo kwanza alikuwa anaanza. Nikasema nipeleke mchicha gengeni, nikirudi nikwambie wewe umweleze taratibu. Mtu katoka kwao huko anakusaidia bure, utamkemeaje?"

Mama alitangulia mbele kwa haraka, na siku ile hakugeuka kumngoja.

Mgeni alikuwa nyuma, amenibebea mtoto. Akanisogelea, kope zake bado nyekundu, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Dada, nimesema vizuri?"

Maneno ya kumwambia nilikuwa nayo, yamejaa mdomoni.

"Umesema vizuri," nikamwambia, nikampokea mtoto.