Bustani Niliyoichora Juu ya Dagaa

Niliondoka Bariadi kufuata muhuri wa mwenyekiti wa mtaa. Kazi yangu ni kuchora mipango ya miji, na nilikuwa nimechora namna ya kuunganisha soko la mji mmoja mdogo wa wilaya ya Busega na ziwa. Mji wenyewe siutaji, maana kosa ni langu. Maduka yake yote yanatazama barabara kuu, na nyuma yake ni majalala hadi majini. Mimi nikachora barabara pana kutoka sokoni hadi mwaloni, mitumbwi inapofikia, na mwisho wake, juu ya mchanga, bustani yenye viti. Niliipenda bustani ile, sitaficha.

Saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa ndani ya basi. Mchoro nimeupakata, na kila aliyeugusa nilimkaripia. Pamba ilikuwa imepasuka mashambani, nyeupe pande zote za barabara. Lamadi nilishuka, nikanywa chai kwa vitumbua viwili, nikapanda gari jingine.

Saa nne nilifika mwaloni. Loo! Mchanga wangu haukuonekana. Dagaa walikuwa wameanikwa kila mahali, na wanawake wameinama wakiwageuza.

"Mwangaluka, mayu," nilimsalimu mama aliyekuwa karibu, kwa heshima ya Kisukuma. Jina lake Minza.

"Mwangaluka, baba. Angalia mguu, unakanyaga chakula."

Nikaruka pembeni na kumfungulia mchoro. Akauliza rangi ya kijani ni nini. Nikamwambia ni bustani, watu wapumzike.

"Watu gani?"

Nikajitetea kwamba nilipokuja mara ya kwanza nilipima siku mbili, na pale palikuwa patupu.

"Mwezi ulikuwaje?"

"Mpevu. Usiku uling'aa kama mchana."

Akacheka mpaka akashika kiuno. "Jamani, njooni mumwone! Alikuja wakati wa mbalamwezi!"

Wakaja, wakacheka wote. Dagaa huvuliwa gizani, maana hufuata mwanga wa taa. Mwezi ukijaa, taa hazifui dafu, basi wavuvi hupumzika na mchanga hubaki mtupu. Mtoto wa darasa la kwanza pale anajua. Mimi mwenye digrii nilijiona bwege.

Mayu Minza aliacha kucheka kabla ya wenzake. "Ukiweka maua hapa, sisi tutaanika wapi? Nimeanika hapa tangu sijaolewa."

Saa nane tuliingia ofisi ya mtaa. Mwenyekiti alikuwa ameshafungua kidau cha wino. "Tugonge tu, mtaalamu. Watu wanataka maendeleo." Wanawake walisimama mlangoni, mikono ina magamba. Nilijua muhuri ule ukishuka, kesho yake kuanika pale ni kosa.

"Usigonge, mwenyekiti," nilisema. "Nimekosea. Naufuta wote."

"Wote?" Mayu Minza aling'aka. "Barabara usiiguse! Unajua tunavyozunguka na mabeseni kichwani kwa ajili ya yale majalala? Futa maua. Na viti vyako vipeleke sokoni, ndiko tunakoshinda tumesimama."

Nilichukua kalamu nyekundu, nikafuta na kuchora upya pale pale mezani, wao wakinisahihisha. Barabara ilipanuka ili mikokoteni ipishane. Mchanga niliuandika kwa jina lake: uanikaji. Mwenyekiti akagonga, na kusema ukweli alifurahi kuliko mimi.

Jioni nilirudi Bariadi na mfuko wa dagaa niliopewa. Njiani sikumkaripia mtu. Nimejifunza kuwauliza wenyewe kabla ya kupima, ndiyo, lakini si hilo lililoninyima usingizi garini. Kama safari hii ningefika tena siku za mbalamwezi, muhuri ungegongwa, Mayu Minza angefukuzwa kwenye mchanga wake, na mimi ningepongezwa.