Kata Mashemeji, Acha Rangi Zote

Juzi asubuhi niliambiwa kwamba yule kaka tuliyemwita Yaya, wa studio ya picha karibu na gare ya treni ya Likasi, amekufa kwa malaria. Wasomaji wangu, tangu hapo situlii. Ninaketi, ninasimama, ninaanza sentensi na kuiacha. Hakuwa ndugu yangu. Nilikuwa tu mtu wa kupita kwake, kuitazama kompyuta yake na kuota kwamba siku moja nitakuwa na yangu.

Siku moja nilikuwa pale alipoingia mama mjane na picha iliyoliwa na ukungu. Ndiyo pekee aliyobaki nayo ya mume wake, amesimama katikati ya mama yake na ndugu zake. Yaya aliiingiza kwenye kompyuta, lakini disketi ya kupeleka Lubumbashi kuchapisha ilikuwa moja tu, na picha nzima yenye rangi zote haikuenea.

"Yaya, punguza rangi, hifadhi mbio," nikamwambia. "Umeme utakatika! Disketi zingine zikija, utazirudisha rangi."

"Haziwezi rudia, mudogo wangu. Masini haikumbuke kile ulitupa."

Akatuonyesha. Kwa rangi chache, shavu la yule baba liligeuka mabaka, kama ukuta ulionyeshewa. Kivuli cha sura nyeusi, alisema, kinataka rangi nyingi.

"Sasa, mama, chagua: bantu bote na mabaka, ao bwana yako peke yake na rangi zote."

Mama hakungoja. "Bale bashemeji? Bwana alikufa, balibeba frigo, balibeba vitanda, hata sufuria ya kupikia bukari! Kata bote, papa!"

Tulicheka sana. Kisha akamshika Yaya mkono. "Ngoja. Uyu mama yake njo alisimama ku mlango, akakatala babebe batoto yangu. Uyu umuache."

Yaya akahangaika na fremu: akakata paa, akakata miguu, hadi nyuso mbili zikaenea. Disketi ilikoroma, taa zikapepesa. Ikamaliza.

Mji wetu nao unapunguza. Shule imepunguza walimu, hospitali imepunguza dawa, nyumbani tunakula mara moja, na kila mmoja anasema ni kwa muda tu, vitarudi. Mimi ni mtu wa kuota, lakini hapo namsikia Yaya: masini haikumbuke kile ulitupa. Tukilazimika kukata, tukate kwa mkono wa Yaya, polepole, tukiuliza kwanza ni nani alisimama mlangoni watoto wetu wasichukuliwe. Huyo tusimguse.