Herufi Iliyomkosesha Raha Swalha

Saa tatu asubuhi, Kijiji cha Kangle, mtaa wa karakana za nguo mjini Guangzhou, China. Cherehani zinanguruma ghorofa zote, pikipiki za umeme zilizosheheni majora ya vitambaa zinapenya vichochoroni, na Swalha Abdulhadi hatulii. Anauliza bei kwa Kichina, anamtafsiria mteja wake kutoka Dar es Salaam, kisha macho yanakimbilia tangazo lililobandikwa mlangoni.

Anamuuliza mwenye karakana linasomekaje. Mama yule anacheka, maana ni swali la nne tangu waingie.

"Wananiona msumbufu," anasema Swalha, 34, mzaliwa wa Mkunazini, Unguja. "Waache waone. Mimi kubahatisha nimekoma."

Huu ni mwaka wake wa sita akifanya ukalimani Guangzhou. Hulipwa yuani 300 kwa siku, ingawa kuna wiki anapata siku mbili tu. Kichina chake alikiokota sokoni: bei, rangi, saizi, kukubali na kukataa. Kusoma alikuwa anajua herufi chache, na hakuona tatizo. Mpaka Machi mwaka jana.

Asubuhi hiyo alikuwa karakana nyingine ya hapa Kangle na rafiki yake Gracia, mfanyabiashara wa nguo kutoka Bukavu, mwenye mimba ya miezi minane. Katikati ya mazungumzo Gracia alishika ukingo wa meza, akainama, akashindwa kuinuka. Mumewe, Loïc, alikuwa amesafiri kwenda kwao. Swalha akaita teksi.

Hospitalini, daktari alimpima Gracia, akatazama picha ya tumbo, akaanza kusema kwa kasi. Katika maneno yote hayo Swalha aliyashika matatu: *bu neng sheng*.

*Bu neng*, yaani haiwezekani, hulisikia kila anapoomba bei ipunguzwe. *Sheng* alidhani analijua pia. Aliwahi kuambiwa kwamba maana yake ni uhai. Kwa hiyo alichosikia ni: hawezi kuishi.

"Nikajiuliza," anakumbuka, "Nani hawezi kuishi? Mama au mtoto?"

Gracia alikuwa amemkazia macho. "Dada Swalha, docteur anasema nini? Mtoto iko muzima? Usinifiche."

Swalha anakiri kwamba jibu lilikuwa limeshafika mdomoni. Akalimeza. Akamwomba daktari aliandike neno lile, naye akaandika nyuma ya karatasi herufi moja: 生.

Swalha aliitambua mara moja, na hapo ndipo alipochanganyikiwa zaidi. Aliwahi kuiona kwenye neno la biashara, la mwanafunzi, la daktari, la hasira, hata kwenye kibao cha nyama mbichi sokoni. Hapa ilikuwa na maana ipi?

Akatumia mwili. Alifumba macho, akalaza kichwa begani kama maiti. Daktari alishtuka, akatikisa kichwa kwa nguvu. Akachora tumbo, na ndani yake mtoto aliyelala kukingama. Kisha akapitisha kidole kwenye tumbo lake mwenyewe, kama kisu.

Kuzaa. Herufi ileile pia ni kuzaa. Gracia hangeweza kujifungua kwa njia ya kawaida. Ilibidi apasuliwe, na upesi.

"Nikamwambia, mtoto mzima, ila amelala vibaya, watakupasua. Akalia, halafu akaniuliza, 'Sasa banangojea nini?'"

Saa saba mchana alizaliwa binti wa kilo mbili na gramu mia tatu. Wakamwita Marie-Claire.

Loïc alimshukuru Swalha kwa simu mpaka sauti ikamkauka. Swalha mwenyewe hakupata raha.

"Kila mtu ananisifu, na mimi najua nilivyokaribia kumwambia mwenye uchungu kwamba mwanawe hataishi."

Tangu hapo hapiti kibao bila kuuliza. Binamu yake Khatib, anayenunua magari ya mtumba Japani, alimtumia picha ya pakiti ya samaki wabichi yenye herufi hiyohiyo. Wajapani nao huitumia, na kuisoma kwa namna nyingi. "Nikasema, hii imenifuata mpaka huko!"

Sasa yeye na Gracia wanaandaa kijitabu cha maneno ya hospitali kwa Kichina, Kiswahili na Kifaransa: maumivu, damu, mzio, upasuaji. Wamefikisha kurasa kumi na mbili, na hubishana karibu kila mstari. Wanataka kuchapa nakala mia mbili na kuziacha kwenye maduka wanayonunua wanawake wenzao.

Swalha pia amejiandikisha darasa la ukalimani wa hospitali. Mtihani ni Novemba.

"Nikifaulu, nitaingia wodini kama mkalimani, siyo kama mtu aliyekuwa anapita."

Na akifeli?

"Nitarudia Januari," anasema, akiwa ameshasimama. Mteja wake ametangulia kushuka ngazi, naye anamkimbilia.