Sheria ya Kuku Aliyevuka

Kahonzi alivuka kwenda Kitangani akiwa bibi arusi, sufuria mbili kichwani na viatu mkononi. Kitangani ni kisiwa kidogo nyuma ya Ngomeni, kati ya mikoko na mashamba ya chumvi. Ukikizunguka kwa miguu unarudi ulipoanzia chai yako haijapoa. Mara mbili kwa mwezi, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji ya bamvu hupwa sana, na mtu huvuka kwa miguu, tope likimfika magotini. Siku nyingine zote ni kwa hori, mtumbwi mdogo.

Siku ya pili mavyaa wake alimpeleka kwenye banda la kuku, lililojengwa juu ya miti kwa kuogopa kenge, akamfundisha sheria moja kabla ya nyingine yoyote. Kuku akishavuka maji harudi. Ukimpeleka Ngomeni kumuuza na akakosa mnunuzi, mchinje ufukoni, umpe mtu amle, urudi na tenga tupu. Na kuku wa watu havuki kuja, hata akiwa zawadi, hata akiwa jogoo wa kuchi. Ukitaka mbegu mpya, leta mayai, uyaweke chini ya kuku anayeatamia.

Hakumwambia sababu. Watu wale hawakuwa wakieleza sababu. Siku hizi kila mtu ana sababu na hana kuku. Mimi, mvuvi wa Ngomeni, niliisoma miaka mingi baadaye, katika kijitabu cha mifugo ambacho mwenye duka alikuwa akikichana kufungia misumari: kwamba ugonjwa wa kideri huhama kutoka kuku hadi kuku, kwamba anayeonekana mzima anaweza kuubeba, na kwamba ukiingia bandani unamaliza. Nilipomsomea Kahonzi alisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza kama kitabu kinasema lolote kuhusu kenge.

Aliishika sheria hiyo miaka arubaini na sita. Bara kuku walikufa kila kiangazi, watu wakaanza upya na vifaranga vya kuomba. Kitangani hawakufa. Uweis, Mbajuni wa Ngomeni aliyekuwa akiwanunua, alikuja kumpokea ufukoni na maneno yaleyale kila mara.

"Bibi Kahonzi, kuku wako ukimweka jikoni leo anaiva Ijumaa."

"Lawama ni ya meno yako, Uweis. Asiye na meno ale mayai."

Wakicheka hivyo, Uweis aliwachinja waliokosa mnunuzi, akampa maskini mmojammoja, na Kahonzi akarudi na tenga tupu.

Kondoo wake walianza wawili, wakafika ishirini na saba, wa mkia mnene. Walikula majani ya mchu, aina ya mkoko, yenye chumvi, na maji yakipwa walishuka tambarare ya tope kutafuta nyasi za kule mbali. Kazi ilikuwa kuwarudisha, maana bamvu likigeuka halimngoji mtu. Kahonzi alisimama juu ya kichuguu akapiga ulimi mara tatu. Kondoo jike mmoja, Mbeja, mwenye kengele ya shaba shingoni, aliinua kichwa na kuanza kutembea, na wengine wote wakamfuata, pua ya huyu kwenye mkia wa yule. Kabla ya Mbeja alikuwako mama yake, na kengele ilikuwa hiyohiyo. Mumewe Mramba alikufa, akazikwa hapo kisiwani, na siku ya maziko yake kondoo walirudishwa kwa wakati.

Alikuwa na mtoto mmoja, Dena, aliyekwenda Marereni kuvuna chumvi akiwa kijana. Alivuna miaka kumi na tisa. Kisha zikaletwa mashine, naye akaambiwa asante. Mwaka jana, mwezi wa pili, alirudi na mkewe Linet, mtu wa Kibarani, na maboksi mawili yaliyotobolewa matundu. Ndani yake walikuwamo kuku hamsini wa kisasa, weupe, wa miezi miwili.

Maji yalikuwa yamepwa. Kahonzi alivuka kuja kuwalaki, akaona maboksi, akasimama mbele yao kwenye tope. Nilikuwa hapo ufukoni nikishona wavu, na wengine walikuwapo, na hilo ndilo lililomponza baadaye, kwamba tulikuwapo.

Linet alimwambia kuku wamechanjwa. Kahonzi akauliza nani aliwachanja. Linet akasema aliyewauza. Kahonzi akauliza kama alimwona akiwachanja.

Linet alicheka, tena bila ubaya. "Mama, kuku wako wana rangi sita na nyama ya mmoja. Ngoja wenzao wawaonyeshe kazi."

"Leta mayai yao. Nitayaatamisha mwenyewe."

"Hatuna wiki tatu za kulalia mayai, mama. Hii ni biashara."

Kahonzi akamgeukia mwanawe. "Dena, hao wakivuka, mwezi huu hautaisha kisiwani pakiwa na kuku."

Dena alijitwika boksi moja kichwani, akampita mama yake, akaingia kwenye tope.

Jioni ileile Kahonzi alikamata kuku watatu aliowapenda, akawahamishia kwenye banda la zamani la kondoo, upande wa pili wa kisiwa, na kila alipokwenda kuwalisha alinawa miguu kwanza kwa maji ya bahari. Wengine walikuwa wengi kuliko mikono yake.

Siku ya tisa kuku mweupe mmoja alianza kuzungusha shingo kama anayetafuta kitu mgongoni. Kufikia jioni walikuwa sita, wakihara kijani. Linet aliwapa maji ya pilipili, akawapa shubiri, akampigia simu aliyemuuzia, na simu haikushikwa. Kahonzi alimwomba achome mizoga. Linet aliitupa mkondoni, na kunguru wakaisambaza kisiwa kizima. Siku ya kumi na saba alfajiri hapakuwa na jogoo wa kuwika Kitangani. Kahonzi aliniambia alilala akaamka jua limeshapanda, kwa kuwa hakuna aliyemwamsha.

Mambo yangeishia hapo, kwa hasara na kununiana, lakini kuku ni mnyama asiyejua kunyamaza. Siku mbili baadaye mmoja wa wale watatu alitaga, akatangaza. Linet alikuwa akikata kuni huko. Alifuata kelele, akafungua banda, akawakuta wazima, manyoya yanang'aa.

Aliwatazama, nadhani, kwa muda mrefu. Kisha alivuka kwa hori hadi Ngomeni, moja kwa moja kwa Garama.

Garama ni mdogo wake marehemu Mramba. Miezi sita alikuwa akiwaleta wageni wenye miwani ya jua kukitazama kisiwa wakiwa ndani ya boti, akiwaonyesha kwa kidole. Kizuizi kilikuwa kimoja, nacho kilikuwa na mvi. Linet alipomweleza, Garama hakuhitaji kuelezwa mara mbili.

Tuliitwa kikao kando ya banda la barafu la wavuvi, siku moja kabla ya bamvu. Zamani, mtu akishukiwa, alipewa kiapo, na kiapo kilikuwa na wenyewe na masharti yake. Aliyesingizia naye aliogopa, kwa kuwa kiapo hakikumbagua. Leo haogopi mtu ila mwenye mvi. Walikuja vijana ambao sikuwajua hata majina, wawili wakiwa na panga, na hapakuwa na nazi wala kuni za kupasua.

Garama alimwachia Dena aulize. Huo ulikuwa werevu.

"Mama, ulisema watakufa kabla ya mwezi kwisha. Watu wote walisikia."

"Nilisema."

"Ulijuaje?"

"Kama unavyojua maji yatajaa."

"Na wale watatu?"

"Niliwaficha."

Angesema niliwatenga, niliwalinda, niliwahamisha. Alisema neno la kweli lililokuwa karibu na ulimi. Nyuma yangu mtu akasema, si kwa sauti kubwa, *mutsai*, ambalo kwetu ndilo neno la mchawi, na likapita kichwa hadi kichwa kama sahani ya tende.

"Mmesikia," Garama alisema. "Amekiri."

Uweis peke yake alijaribu. Alisema yeye mfanyabiashara, ameona kideri Lamu, ameona Malindi, na hakuna mahali alipokuta kuku hao wamerogwa. Kijana mmoja akamuuliza tangu lini wageni wa visiwani wakajua mambo ya Wagiriama. Uweis amezaliwa Ngomeni, na baba yake pia. Alikaa chini.

Nami nilikijua kile kijitabu cha mifugo. Kilikuwa nyumbani, chini ya mto wangu. Nilitazama ndara zangu.

Garama alimaliza kwa upole mwingi. "Shemeji, mimi sina neno na wewe. Lakini vijana siwawezi. Kesho maji yakipwa, ondoka ungali na shingo yako."

Kahonzi alimtazama Dena. Dena alimtazama mkewe. Basi.

Asubuhi, saa nne, alivuka. Alibeba mkeka, sufuria moja, na tenga lenye wale kuku watatu. Linet alimfuata hadi ukingoni akalishika tenga. Kahonzi hakulivuta. Alifungua mkono tu, kidole baada ya kidole.

Alikuwa nusu ya njia kengele ilipolia. Mbeja alikuwa ameshuka kwenye tope nyuma yake, na nyuma ya Mbeja kundi zima, mstari mmoja, kama walivyokuwa wakimfuata siku zote. Dena alikimbia akawatupia mabonge ya tope, kisha mawe. Kondoo mmoja alivunjika mguu, akabaki analia pale chini. Wengine waligeuka, wakatawanyika, wakarudi. Mbeja hakugeuka. Jiwe moja lilimpiga sikioni, akatikisa kichwa, kengele ikalia zaidi, akaendelea.

Walifika ufukoni pamoja, bibi na kondoo, wakiwa weusi kwa tope hadi tumboni.

Kahonzi aliomba kitu kimoja, kwamba mtu amrudishe Mbeja kwa kamba. Alimwambia Garama, na aliongea kama anayemweleza mtoto, kwamba bila Mbeja wale wengine hawana wa kuwatoa tambarare.

Garama alitabasamu. "Shemeji, aliyevuka harudi. Si ndiyo sheria yenu?"

"Ni sheria ya kuku."

"Leo ni ya kondoo pia."

Watu walicheka. Walikuwa hawajala nyama tangu Krismasi, na kondoo alikuwa mnene. Walimwita Uweis, kwa kuwa ndiye aliyekuwa akichinja hapo ufukoni miaka yote, na kwa kuwa akichinja Mwislamu watakula wote. Alikataa. Kijana mwenye panga akasema basi atachinja yeye, na panga lile lilikuwa la kukatia makuti. Uweis alilitazama panga, akaenda kuleta kisu chake.

Mbeja hakukubali kulazwa. Aliwaburura wanaume wawili mchangani. Mwishowe Kahonzi aliweka mkeka wake chini, akaja, akapiga ulimi mara tatu, na Mbeja akalala mwenyewe.

"Kisu kikali?"

"Kikali, bibi."

"Basi fanya upesi."

Alikishika kichwa hadi mwisho. Nyama iligawanywa papo hapo. Garama alichukua mguu wa nyuma na mkia wote. Mimi nilipewa mbavu. Nilikula. Ilikuwa tamu, na ilikuwa na chumvi yake yenyewe. Kahonzi walimpa kengele, mtu akiona ni mzaha mzuri, naye aliifunga kwenye ncha ya leso yake akashika njia ya Marereni kwa miguu.

Kule anaishi na Pamela, binti wa kaka yake, katika chumba kimoja cha kupanga, na wapangaji wengine ni vibarua wa chumvi. Mwenye nyumba haruhusu kuku.

Bamvu lililofuata lilikuwa la mwezi wa tatu, ambalo ndilo kubwa kuliko yote ya mwaka, na hilo nalo lilikuwa jambo la kujua. Kondoo walishuka tambarare asubuhi kama desturi yao. Saa sita maji yaligeuka. Dena alisimama juu ya kichuguu akapiga mayowe, akapiga debe, akapiga ulimi. Waliinua vichwa wakangoja mmoja aanze. Kila mmoja alimtazama mwenzake. Maji yaliwafika tumboni wakiwa wamekusanyika mahali pamoja, wamesongamana, wakingoja. Sisi wa upande wa huku tuliwasikia, kisha hatukuwasikia. Kumi na wanane. Saba walikuwa hawajashuka, yule wa mguu uliovunjika akiwa mmojawapo, na mmoja alisombwa hadi mikokoni akanasa, akaishi.

Dena alikwenda Marereni baada ya siku nne. Pamela ndiye aliyenisimulia. Hakuomba msamaha. Alisimama mlangoni akasema amefuata kengele.

Kahonzi alikuwa akichambua mchele. Aliuliza wamebaki wangapi.

"Wanane."

"Na wale kuku watatu?"

Dena akasema Linet aliwauza Kibarani.

Kahonzi aliendelea na mchele hadi ungo ukaisha. Kisha alifungua ncha ya leso, akatoa kengele, akaipangusa, akampa.

"Chukua. Aliyekuwa akiijua mlimla."

Dena alimvika kondoo mmoja, akamvika mwingine. Walikwenda kula majani, kengele ikilia, na hakuna aliyemfuata mwenzake. Kabla ya mvua alikuwa ameshawauza wote kwa wachuuzi wa nyama wa Malindi, naye na Linet wakarudi Kibarani.

Mwezi wa saba wale wageni wa miwani walikuja na kamba zao za kupimia. Garama aliwavusha mwenyewe. Walizunguka kisiwa, wakapita juu ya kaburi la Mramba bila kujua ni kaburi, wakapiga picha. Mmoja wao alimwambia Garama amefurahi kukuta mahali safi, pasipo mifugo.