Mkono Uliotafuta Klachi

Nilirudi Songea nikiwa na diploma ya ufundi mitambo, na ndani ya miaka miwili nilikuwa na nyumba ya tofali za kuchoma na karakana yangu Lizaboni. Hakuna mjomba aliyenishika mkono. Nayasema haya mapema kwa sababu wapo wanaosema nilimwangusha mama yangu kwa kuwa sijui pikipiki. Pikipiki naijua. Nimefungua injini nyingi kuliko milango waliyofungua hao wasemaji. Kilichonishinda kilikuwa kitu kingine, nami nimechelewa sana kukielewa.

Mama anaishi Matogoro, chini ya vilima, katika nyumba niliyozaliwa. Kigango kipo hatua chache tu kutoka kwake, lakini alibatizwa kanisa la mjini, akafungia ndoa hapohapo, na kusali kwingine hataki. Miaka yote niliyokuwa mbali alikwenda kwa miguu. Bodaboda alizikataa kabisa. Alisema vijana wale wanaendesha kama wanaofukuzwa na nyuki.

Jumapili ya kwanza baada ya kurudi nilimwambia, "Mama, kutembea kumekwisha. Mimi nipo." Nikampakia kwenye pikipiki yangu ya gia, akakaa upande kama wanavyokaa akina mama wa umri wake, mkono mmoja umeshika mkanda wangu. Tulipofika mlangoni pa kanisa alishuka taratibu, akanyoosha kitenge, akaanza kuwasalimia wenzake mmoja mmoja huku mimi nimesimama pembeni na ufunguo mkononi. Sitadanganya. Dakika ile ya kushuka niliipenda kuliko misa yenyewe. Nilitaka wamwone amefika na nani.

Tukaendelea hivyo Jumapili baada ya Jumapili, mpaka giaboksi ya lori ilipoteleza kwenye jeki na kutua juu ya mguu wangu wa kushoto. Hospitali waliniwekea vyuma kwenye kifundo. Daktari alisema nitatembea vizuri, ila kifundo hakitakunja tena. Nikamshukuru. Niliporudi nyumbani na kupanda pikipiki ndipo nilipojua maana ya maneno yake. Ili kupandisha gia ilinibidi ninyanyue mguu mzima kutoka nyongani, kama mtu anayeruka dimbwi, na mara nyingi nilikosa. Injini ikawa inalia kwenye gia namba moja kutoka Lizaboni mpaka sokoni, na watu wakageuka kuangalia nani anaua chombo namna hiyo. Alikuwa fundi.

Mama akarudi kutembea. Hakulalamika. Jumapili moja nilimkuta amekaa kwenye ngazi za kanisa kabla ya misa, amevua kiatu, anakanda unyayo wake. Aliponiona alikivaa haraka. Wiki ileile niliagiza skuta kutoka Dar es Salaam, pikipiki ya otomatiki isiyo na gia wala klachi, unawasha na kukoleza mafuta tu.

Kwa asiyejua nieleze kidogo. Pikipiki za kwetu za gia, mkono wa kushoto unashika klachi. Kila unapoanza kuondoka, kila unapobadili gia na kila unapotaka kusimama, vidole vinne vinaivuta mpaka mwisho. Ukiendesha miaka mingi huwazi tena, mkono unajiendea. Kwenye skuta, pale pale ilipokuwa klachi, pamewekwa breki ya nyuma. Maelezo haya naweza kuyatoa ubaoni mbele ya darasa zima. Nilimweleza hata mteja mmoja siku skuta iliposhushwa, nikamchorea na mchoro mavumbini. Kisha nikaipanda.

Mkono wa kushoto ukavuta. Wa kulia ukakoleza mafuta. Halafu, kama fundi mstaarabu, nikaachia klachi polepole. Ila klachi haikuwepo, niliyoachia ilikuwa breki, na skuta iliruka kama mbuzi aliyekatiwa kamba, ikanipeleka kwenye rundo la tairi chakavu.

Ng'ambo ya barabara pana kijiwe cha bodaboda. Walisimama wote.

"Fundi mkuu, weka gia mbili!" alipiga kelele mmoja.

"Mwacheni mzee anatafuta klachi. Ameidondosha mchangani."

"Hiyo si ya walimu wa kike hiyo? Mkubwa, na mkoba wake umeuacha wapi?"

Niliwajibu kwamba nilikuwa napima breki. Walicheka mpaka mmoja akakaa chini.

Maneno ya walimu wa kike hayakuja hivi hivi. Mtaani kwetu yupo mwalimu wa shule ya msingi, mama wa makamo, anayekwenda kazini kwa skuta kila siku na sketi yake imenyooka. Huileta kwangu kubadili oili. Alikuja siku ya pili, akanikuta najaribu tena nyuma ya karakana. Akasimama akaniangalia. Nikagonga breki kwa vidole vinne, skuta ikasimama ghafla, kifua kikagonga usukani.

"Kaka," alisema, "hayo mazoea ya gia ndiyo yanakutesa. Mimi sikuwahi kuendesha ya gia, kwa hiyo sikuwa na cha kusahau. Njoo uwanja wa shule saa kumi, wanafunzi wakishatoka. Wiki mbili tu."

"Wiki mbili?" nilimwambia. "Mwalimu, wiki mbili mimi nilimaliza kujifunza injini nzima."

"Injini ndiyo. Haya, basi njoo hiyo leo tu, tuone."

Nikaenda siku hiyo moja. Alinifundisha kushika mshikio wa kushoto kwa vidole vyote, kama mpini wa jembe, na nisiguse breki ya upande ule mpaka anipe ruhusa. Nilizunguka uwanja mara kumi bila kosa. Nilijiona nimemaliza. Nilipomshukuru na kumuaga alinikamata mkono.

"Uwanja ni tambarare, kaka, na tuko peke yetu. Usimpakie mtu bado."

"Nimekusikia, mwalimu."

Nilimsikia kweli. Ila Jumapili ilikuwa inakuja, na nilikuwa nimeshatuma ujumbe Matogoro kwamba mama asitembee.

Alikuwa amevaa kitenge kipya, amejipaka mafuta mpaka viwiko vinang'aa. Aliizunguka skuta, akagusa kiti.

"Hiki kipana, baba. Hata wawili tungekaa, mimi na bibi yako."

"Si nilikwambia mimi nipo?"

Akacheka, akapanda upande, akashika mkanda wangu.

Barabara ya kutoka kwake inateremka kabla ya kukutana na lami, na wakati wa kiangazi juu yake kunakuwa na vumbi laini lenye kokoto chini. Tuliteremka vizuri. Mama alikuwa ananisimulia habari za jirani yake aliyemwoza binti yake. Kwenye kona akatokea mtu anasukuma baiskeli yenye magunia mawili ya mahindi, amekata barabara nusu. Nafasi ilikuwepo. Mwenye skuta angepunguza mafuta, akagusa breki kidogo na kupita. Lakini mimi nilikuwa nimeteremka mteremko ule kwa gia miaka na miaka, tangu ujana, na kwenye kona ile hubana klachi yote na kurudi gia moja. Vidole vinne vikavuta mpaka mwisho. Mguu wangu mbovu nao ukakanyaga chini kutafuta gia.

Tairi la nyuma likafunga, likateleza. Nilianguka juu ya skuta. Mama alianguka mbele yangu, juu ya mkono wake wa kulia, nami nikasikia mlio ambao sipendi kuueleza.

Vumbi lilipotulia alikuwa amekaa katikati ya barabara, kilemba kimemtoka, amekumbatia mkono ule kwa mwenziwe. Akaniuliza, "Mguu wako? Haujaumia tena mguu?"

Watu walikuja, mwenye baiskeli akawa anaapa kwamba hakutugusa, nami nilijua hakutugusa. Kijana mmoja wa bodaboda aliyekuwa anapanda mlima aligeuza. Alimwamkia, "Shikamoo bibi," akamfunga mkono kwa khanga, akamkalisha na kumwambia akae kama mwanamume ili asiteleze. Mama yangu, aliyekataa bodaboda maisha yake yote, akakaa kama mwanamume. Wakaondoka taratibu hata vumbi halikunyanyuka. Mimi nilibaki nasukuma skuta yangu nzima isiyo na hata mchubuko.

Mkono ulivunjika juu kidogo ya kiganja. Alifungwa plasta.

Nilirudi uwanja wa shule. Mwalimu hakuniambia "nilikwambia," na kwa hilo namheshimu mpaka leo. Wiki mbili zikawa saba. Kila asubuhi kabla ya kufungua karakana nilizunguka mitaa ya Lizaboni peke yangu, vidole vimeshika mshikio, nikijisemea kwa sauti kama mwehu: mpini, mpini, mpini. Pale kijiweni waliacha kunitania. Nilipopita walinyamaza na kunipungia. Ningewalipa wacheke.

Halafu siku moja, karibu na soko, mama mmoja mwenye beseni la nyanya aliingia barabarani bila kuangalia. Mkono wangu wa kulia ukapunguza mafuta, wa kushoto ukagusa breki kwa vidole viwili, mguu haukusogea, skuta ikapungua kama maji yanayotuama. Yule mama akavuka. Hakujua lolote. Nilisimama pembeni nikazima injini, kwa sababu nilikuwa nimesubiri kitu kile, na kilikuja miezi miwili baada ya kuhitajika.

Nilikwenda Matogoro jioni ileile. Plasta ilikuwa imetolewa, mkono umebaki mwembamba, anaanika mboga kwa mkono wa kushoto.

"Mama, sasa nimezoea."

"Nimekuona ukija. Umekuja vizuri."

"Basi Jumapili nitakupitia."

Aliendelea kutandaza majani kwenye ungo, moja moja, kama hakuna kilichosemwa. Kisha akasema, "Nimeshamwambia yule kijana anipitie."

"Bodaboda, mama?"

"Anaendesha polepole."

"Na mimi naendesha polepole. Sasa hivi hakuna mtu mji huu anayeijua skuta kama mimi. Nimesoma mitambo, mama, mimi..."

"Najua, baba," alisema. "Una diploma."

Alisema bila kejeli hata kidogo. Angenikejeli ningekuwa na la kujibu. Aliniambia kama mtu anayemkumbusha mgonjwa kwamba ana watu wanaompenda. Nikatazama mkono wake uliokuwa umelala mapajani, vidole havifungi vizuri, nikajua sitamwomba tena.

Jumapili iliyofuata ilikuwa ya kutoa sadaka ya mazao. Alfajiri alinipigia simu, nikadhani amebadili mawazo, nikavaa shati jeupe. Nilipofika alikuwa tayari amepanda nyuma ya kijana, amekaa kama mwanamume, mkono mbovu ameuficha ndani ya khanga.

"Baba, vile vitu haviwezi kukaa huku na mimi," alisema. "Nibebee wewe."

Palikuwa na debe la mahindi na kuku jike mweupe aliyefungwa miguu. Debe niliweka mbele, pale miguu inapokaa. Kuku nilimlaza nyuma, kwenye kiti kile kipana, nikamfunga na mpira. Nikawafuata kwa nyuma. Kwenye kona ya mteremko kijana alipunguza mwendo, nami nikapunguza, vidole viwili tu. Mama hakugeuka. Tulifika mlangoni pa kanisa, akashuka, akanyoosha kitenge, akaanza kuwasalimia wenzake, na kijana akasimama pembeni na ufunguo wake mkononi. Mimi nilikuwa nafungua mpira. Njia nzima kuku hakulia hata mara moja.