Kusomea Bomba na Mvi Kichwani

Mwaka 1980, nikiwa na miaka kumi na mbili, baba alifariki kule Hasamba, na shule nikaiachia darasa la nne. Nikapalilia mahindi ya watu, nikachuma kahawa ya watu, mpaka fundi mmoja wa Tunduma akanichukua nimbebee mabomba. Ufundi nikaupata kwa macho. Tangu hapo nimevuta maji nyumba za wageni nyingi pale mpakani, na hakuna aliyeniuliza karatasi.

Halafu wakaanza kuuliza. Nilishapatana na mkandarasi aliyekuwa anajenga zahanati upande wa Chitete, akanirudisha.

"Mzee wangu, kazi yako naijua. Ila bila cheti jina lako haliingii. Jengo liko kwenye msingi; ukikipata kabla hatujafika kwenye maji, njoo."

Nikaenda chuo cha ufundi, kozi ya miezi mitatu, na miaka yangu hamsini na miwili.

"Shikamoo babu, umemleta mjukuu?" kijana mmoja akanipokea darasani.

"Marahaba. Mjukuu ndiyo wewe, sogea nikae."

Mwalimu alikuwa binti, umri wa kitinda mimba wangu. Kusoma michoro kulinitesa, sisemi uongo. Lakini nikishika spana, darasa zima lilisogea kuangalia.

Siku ya mtihani wa vitendo kila mtu alipewa ukuta wake, apitishe bomba mpaka kwenye koki mbili. Nikamaliza wa kwanza. Nikachanganya saruji, nikafukia, nikapiga lipu safi. Tunduma maji yanatoka kwa zamu. Ukingoja zamu ndiyo upime, nyumba haiishi. Kwa hiyo mafundi wa mtaani tunaziba kwanza, maji yakija tunaomba Mungu.

Mwalimu akasimama mbele ya ukuta wangu na pampu ya mkono.

"Mzee, umepima?"

"Maji yenyewe yako wapi, mwalimu?"

"Ndoo moja inatosha."

Akaunga pampu kwenye bomba langu, akasukuma maji ya ndoo ndani. Mshale wa presha ukapanda, ukasimama, kisha ukaanza kushuka taratibu. Lipu kwa nje kavu kabisa.

"Linavuja. Bomoa."

"Mwalimu, mimi nimeanza kufunga mabomba hujazaliwa."

"Najua. Sijasema umefeli, nimesema bomoa. Una saa moja."

"Babu, zamu ya maji imefika!" kijana mmoja akapiga kelele, wenzake wakacheka mpaka wakashika mbavu.

Nilitaka kuondoka. Nikafikiria Chitete, nikachukua tindo. Ukuta wangu mwenyewe nikaubomoa mbele ya watoto. Ubovu ulikuwa kwenye kiungo cha nyuma ya koki ya pili. Katani ya kuzuia maji yasipenye niliizungusha kidogo mno. Nikafunga upya, nikapampu, mshale ukaganda palepale. Lipu nilifika nusu, muda ukaisha. Nilifaulu kwa alama za kawaida tu.

Kazi ya zahanati niliipata, na kila ukuta niliupima kabla mwashi hajausogelea. Aligomba, nikamwacha agombe. Kuta nilizoziba zamani bila kupima siwezi kuzihesabu, na hilo linaniuma. Kazi haijakatika tena. Anayesema bomba ni kazi ya walioshindwa shule, koki yake ikiharibika asinipigie simu.

Leo nina nyumba ya vyumba vitano, ya bati na umeme. Shamba la kahawa ekari mbili, Igamba. Mashine mbili za kukatia uzi kwenye ncha za bomba. Pampu ya kupimia, yangu mwenyewe. Pikipiki ya magurudumu matatu. Ng'ombe wawili wa maziwa, mmoja ana mimba.